Siku moja maishani mwangu: kugawa masaa ya matengenezo na majaribio kwenye darubini kubwa ya redio

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Naanza na upepo. Kabla ya barua pepe, kabla ya chochote, nafungua utabiri wa upepo saa kwa saa maana leo ni siku ya matengenezo, watu watapanda kwenye dishi na kreni, na kreni na upepo haviendani. Asubuhi shwari, mchana unapanda. Basi kazi zote za juu nazivuta asubuhi, za chini kwenye reli na mota zitakaa mchana.

Halafu nasoma ripoti ya zamu ya usiku. Breki ya mota moja inachelewa kuachia, na risiva (kipokezi cha mawimbi ya redio kutoka angani) ya mawimbi mafupi, yale ya sentimita moja hivi, imeanza kupata joto kidogo kidogo. Hii ya pili ndiyo inaniumiza kichwa. Risiva hizi zinapozwa kwa gesi ya heliamu mpaka karibu kelvini 20, yaani nyuzi 253 chini ya sifuri, ili kelele ya risiva yenyewe isifunike kile kidogo kinachotoka angani, sasa ukitaka kuifungua lazima uiache ipate joto taratibu, uitengeneze, uifunge, uvute hewa yote itoke, ndio uanze kuipoza upya, hapo siongelei masaa tena, naongelea siku. Kwa hiyo kabla sijamuuliza fundi kama anaweza kuitengeneza, natafuta nani ana zamu ya mawimbi mafupi wiki ijayo na kama anaweza kusogezwa.

Saa moja asubuhi

Mwendeshaji wa usiku analielekeza dishi juu kabisa, breki zinapigwa, pini za kufungia zinaingia. Kila fundi anayepanda anaweka kufuli yake mwenyewe kwenye swichi kuu ya umeme wa mota, ufunguo anatembea nao mfukoni. Mpaka kufuli ya mwisho itoke hakuna anayeweza kuligeuza dishi kutoka chumba cha kuongozea, hata mkurugenzi. Muda wa kufunga na kufungua hizo kufuli nauandika kabisa kwenye ratiba, sikubali mtu auhesabu kama muda wa kazi, maana ukiubana watu wanaanza kukimbizana na huko juu hakuna pa kukimbizania.

Saa mbili asubuhi

Mafundi wako juu, na mimi ujumbe wa kwanza wa malalamiko umeshaingia, kutoka kwa mtafiti wa pulsa, yaani mabaki mazito ya nyota yanayozunguka kwa kasi na kutupigia mapigo ya redio. Ana haki yake. Ni katikati ya Agosti, na saa hizi hizi Nebula ya Kaa ndiyo inapita juu kabisa angani, ile mabaki ya nyota iliyoonekana ikilipuka mwaka 1054, na pulsa iliyo ndani yake inazunguka karibu mara 30 kwa sekunde. Yeye anaifuatilia, mimi nimelifunga dishi.

Hapa wengi hawaelewi kwa nini ratiba yetu ni ngumu. Mafundi wanaishi kwa saa ya jua, wanataka mwanga wa mchana. Anga inaishi kwa saa ya nyota, ambayo siku yake ni fupi kwa kama dakika 4, kwa hiyo kila mwezi nyota ile ile inapita juu masaa mawili mapema zaidi. Ukiweka matengenezo asubuhi kila wiki, unamnyang'anya mtu yule yule kipande kile kile cha anga kwa wiki nyingi mfululizo. Leo ni wa Kaa, baadaye itakuwa zamu ya mwingine. Mwezi wa kumi na moja Kaa itakuwa inapita juu saa nane usiku na hatagusana na mafundi kabisa, lakini pulsa haisubiri mwezi wa kumi na moja, ikibadilisha mwendo ghafla leo na wewe hukuwepo, hukuwepo. Nimempa dakika arobaini za jioni kesho kwa pulsa zake nyingine, na wiki ijayo nasogeza matengenezo yaanze mchana ili Kaa aipate. Hajafurahi sana ila amekubali.

Saa nne asubuhi

Kikao cha ratiba. Maombi ya kutumia darubini yanazidi masaa yaliyopo, kila kipindi ni hivyo, na kila kipindi anatokea mtu anauliza, hivi haya masaa ya ukaguzi wa vyuma hatuwezi kuyapunguza kidogo tu?

Mimi hapo huwa siongei kwa upole. Novemba 15, 1988, kule Green Bank Marekani, darubini ya futi 300 ilianguka usiku ikiwa kazini, chanzo bamba moja la kuunganisha vyuma lililokatika. Arecibo kule Puerto Rico, dishi la mita 305, Agosti 2020 kebo moja ilichomoka kwenye soketi yake, Novemba ikakatika kebo kuu, Desemba 1 jukwaa zima la tani mia tisa likaangukia dishi. Sisemi mafundi wa kule walizembea. Ninachosema ni kwamba chuma kinachoka kimya kimya na jicho la mtu aliyepanda na tochi kukagua bolti na nyufa linahitaji masaa yake, na hayo masaa hayatoki kwingine ila kwenye ratiba hii hii yangu. Yamebaki.

Fundi mkuu naye akaomba lake: "Mkuu, niongezee masaa mawili, girisi ya gia ya kuinamisha siwezi kuweka dishi likiwa limesimama hivi." Na ni kweli. Girisi inataka dishi liinamishwe, watu wa chumba cha risiva wanataka lisimame, wapaka rangi wanataka likae pembe nyingine kabisa. Huwezi kuwapanga wote sambamba, lazima wapishane, na kila ukigeuza, kufuli zote zitoke zirudi tena. Nimempa masaa yake wiki ijayo mwanzo kabisa wa matengenezo.

Saa saba mchana

Mapumziko mafupi, na mimi napita kukagua simu na mashine za kuchomelea ziko wapi. Siku za matengenezo kituo kinajaa vitu vinavyotoa mawimbi ya redio, na dishi linayanasa. Watu wa Parkes, Australia, walikuwa na ishara za ajabu kwenye data zao miaka na miaka, mwaka 2015 wakabaini ni oveni ya maikrowevu pale pale kituoni, mtu anafungua mlango kabla haijamaliza. Kwa hiyo kila kifaa kilicholetwa leo naandika, jioni nahakikisha kimezimwa.

Saa tisa

Upepo umefika kama ulivyosemwa. Kreni chini. Rangi imebaki robo, haiwezekani leo. Breki imebadilishwa pedi, reli imekaguliwa.

Saa kumi na moja jioni

Kufuli zimetoka zote. Na hapa ndipo kuna yale masaa ninayoyapigania kuliko yote, ya majaribio, maana watafiti wakiona dishi linazunguka wanadhani liko tayari.

Haliko tayari. Mtu amegusa mota, amegusa breki, jua limepiga chuma mchana kutwa na chuma kimetanuka. Dishi la mita 100 kwenye wimbi la sentimita 21, lile linalotolewa na gesi ya haidrojeni angani, linaona duara la kama dakika 9 za nyuzi (nyuzi moja ina dakika 60), ukikosea kidogo bado kitu kimo ndani. Lakini kwenye sentimita 1.3 duara linakuwa kama nusu dakika tu, ukikosea hapo unaandika data ya anga tupu na hujui. Kwa hiyo tunaenda kwenye vitu tunavyovijua mahali vilipo, tunapita juu yake msalaba, kushoto kulia, juu chini, tunaona kilele kimekaa wapi, tunasahihisha. Halafu fokasi. Halafu 3C 286, kwasa, yaani kiini king'aavu cha galaksi ya mbali sana, ambayo mwanga wake wa redio karibu haubadiliki, kama Jansky 15 (Jansky ni kipimo cha nguvu ya redio kutoka angani) kwenye gigahezi 1.4, ikisomeka tofauti basi tatizo ni letu. Leo dishi lilikuwa limepotoka upande wa kuzunguka, kidogo, tukasahihisha, tukarudia kwenye pembe za chini na za juu mpaka ikatulia.

Saa mbili usiku

Nimekabidhi. Saa tatu tunaungana na darubini za nchi nyingine, zote zinaangalia kitu kimoja kwa sekunde ile ile, hiyo zamu haisogezwi na mtu yeyote ndiyo maana nilianza majaribio mapema hivyo.

Kilichobaki ni ile risiva. Inaanza kupashwa joto Jumatatu. Watu wa mawimbi mafupi nimewaandikia kwamba wamesogezwa, na kwamba ikishapoa usiku wa kwanza ni wangu wa majaribio, wa pili na wa tatu ni wao.