Varista iliyopasuka

Jioni hii, hapa Dodoma, mama jirani ameniletea televisheni iliyozimika pale umeme uliporudi kwa nguvu baada ya kukatika.

Nilipoifungua nilikuta fyuzi imeungua, na pembeni yake varista, kile kidude cha duara chenye rangi ya buluu, imepasuka katikati na kuacha masizi kwenye bodi.

Niliitazama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Katika volti 230 za kawaida varista hukaa kama mlango uliofungwa, lakini volti zikipanda ghafla hufunguka na kuupitisha mkondo huo wa ziada ndani yake yenyewe, hadi fyuzi ikatike na saketi zilizo nyuma yake zisalimike.

Kabla ya kuigusa bodi nilivaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na waya wa ardhi, kwa kuwa ukavu wa msimu huu huujaza mwili umeme tuli, ambao kwa kawaida hatuuhisi mpaka ufike takribani volti 3,000, ilhali baadhi ya chipu huharibiwa na volti zisizofika 100. (Mafundi wenzangu huucheka mkanda huo, na wacheke.)

Nimebadilisha vyote viwili, na picha imerudi.

Ndugu zangu wa Dodoma na Singida, ninyi mnavilinda vyombo vyenu kwa njia gani umeme unaporudi?