Kikombe kilichokataa kuganda
Jana usiku niliweka vikombe viwili kwenye friza, kimoja cha maji matupu, kingine cha maji niliyoyakoroga kwa chumvi hadi punje zikabaki chini bila kuyeyuka. Asubuhi cha kwanza kilikuwa kigumu kama jiwe, ilhali maji ya cha pili yalichezacheza, na baridi yake ikiniuma vidole. Nikaikumbuka sayari ya Mirihi, ambako mwaka 2008 chombo cha anga cha Phoenix kiligundua udongoni chumvi za perikloreti, yaani chumvi zenye klorini na oksijeni. Ile ya kalsiamu huweza kuyazuia maji yasigande hadi karibu nyuzi 75 chini ya sifuri, tena hunyonya mvuke hewani hadi ikayeyuka yenyewe. Maji ya baridi kiasi hicho hayawafai viumbe tunaowajua, lakini kwangu hata tone moja lingekuwa jambo kubwa.