Vile nilipanga biashara ya lanchi ya tuktuk hapa Kisumu

Kuna mtu aliniuliza nilianza aje na kama lazima uwe na kafoodtruck ka maana, nikaona wacha tu niandike yote hapa. Mimi nilianza na mfuko wa mteja, menyu ikakuja baadaye.

Kabla ninunue hata sufuria nilizunguka mchana nikiangalia watu wanakula nini. Pale soko ya Kibuye saa saba mafundi wa sofa na vitanda wanashuka na chapati maharagwe ama chipsi mwitu na soda, na sio eti hawapendi mboga, ni vile kibanda chenye mboga kiko mbali na mteja wa meza anakuja kuchukua meza yake saa nane. Nikawauliza bila kuzunguka, wewe unaweza toa ngapi kila siku bila kuumia? Wengi walisema soo, yaani mia moja, wachache wakafika mia na hamsini. Basi bei yangu ikawa 120, na kila kitu kingine nilipanga nikirudi nyuma kutoka hapo: chakula yenyewe, gas, usafiri, na ile kitu inabaki lazima iwe kitu ya kubeba nyumbani, sio shukrani.

Hiyo bei ilinichagulia menyu. Ngege, yaani tilapia, niliitoa kwa menyu siku ya kwanza, maana hata hapa kando ya ziwa imekuwa ya wenye pesa, ndio sababu unaona samaki wa barafu kutoka China sokoni. Nikabaki na ugali ya mahindi nikichanganya na mtama, ama wali wa Ahero, mboga ya kienyeji iwe nusu ya sahani kama ni ya msimu, halafu ndengu, maharagwe ama omena, wale dagaa wa ziwa.

Omena ndio inauza, lakini inataka roho safi. Unaipepeta kwa uteo mchanga na vijiti vitoke, unaosha na maji moto mpaka maji yatoke safi, unaikausha kwa sufuria bila mafuta kwanza, ikianza kulia chwii ndio unaweka mafuta kidogo, kitunguu na nyanya nyingi kabisa. Mtu anaila na mifupa yake yote, kalsiamu iko hapo hapo na hajalipia kilo ya nyama. Osuga, yaani managu, nayo naichemsha jioni, namwaga yale maji machungu, naweka maziwa inalala kwa friji, asubuhi inachemka tena.

Chumvi ndio ilileta maneno. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akae chini ya gramu 5 kwa siku, hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai, sasa ukiweka chumvi halafu uongeze zile pakiti za kukoleza mchuzi, siku yote imeisha kwa sahani moja. Nikatumia tangawizi, saumu na dania. Fundi mmoja akaonja akaniangalia, "Mathe, hii ni ya watu wamelazwa?" Nikamwekea ndimu na pilipili kando, akanyamaza, kesho yake akaitisha mbili.

Usafiri sikununua. Niliongea na jamaa wa tuktuk mwenye anakuwa hana abiria sana katikati ya mchana, tukaelewana namlipa kwa hayo masaa tu na yeye anajua njia za ndani kuliko mimi. Chakula inatoka jikoni ikiwa moto kabisa, inaingia kwa hotpot kubwa zimefungwa blanketi, na niko na kathamomita ka chakula kwa sababu ikishuka chini ya nyuzi 60 hiyo ni mahali pa bakteria kuzaana, na mtu mmoja akiumwa tumbo line yote ya mafundi itajua kabla jioni.

Kupakia pia fikiria mapema. Makaratasi ya plastiki ya kubebea yalipigwa marufuku Agosti 2017 na faini ni ya mamilioni, si mchezo. Mimi nasema ukikuja na bakuli yako nakupunguzia kumi. Saa hii wengi wako na bakuli zao chini ya workbench, na hiyo imenipunguzia gharama kuliko kitu kingine chochote.

Makaratasi ya serikali: permit ya kaunti, na cheti cha afya cha wanaoshika chakula, wanapima choo na vitu zingine, na kila miezi 6 unarudia. Weka hiyo pesa kwa bajeti kabla ya rangi ya tuktuk tafadhali.

Oda zinaingia WhatsApp ama SMS mpaka saa mbili usiku za kesho yake, fundi mmoja anakusanya za line yote ananitumia idadi. Ndio maana situpi chakula, napika ile imeitishwa na sahani chache za wapita njia. Malipo ni till, ile namba ya M-Pesa ya biashara, sio namba yangu ya kawaida, juu pesa ikichanganyika na ya fees ya watoto hutajua kama biashara inakula ama inakuliwa. Siku ya mvua kubwa oda zinapungua, naenda na za ofisi za Milimani tu, huko wanalipa kuletewa mpaka mlangoni.

Sahii natafuta msaidizi wa asubuhi, mwenye tayari ako na cheti na haogopi kuchambua omena.