Sikio Langu na Daftari la Mpwa Wangu

Leo Jumamosi nimeshinda karibu na stesheni ya Nakuru tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba na nusu mchana, nikingoja treni ya mizigo ambayo hakuna aliyeweza kutuambia itapita saa ngapi. Sikuwa na mzigo wa kupokea wala mgeni wa kumlaki. Nilikwenda kwa sababu mpwa wangu wa miaka kumi na mitatu, aliyekuja kwetu likizoni, ana daftari la kuandikia namba za vichwa vya treni, na mama yake hataki aende relini peke yake. Akafuatana nasi mzee jirani yetu, ambaye alifanya kazi kwenye yadi ya reli hadi akastaafu. Yeye alisema anatoka kununua sukari. Tumekaa naye saa nne na nusu, na sukari hakuinunua.

Nimekiri kwa mpwa wangu kwamba mwanzoni nilikuwa nikimcheka. Namba ina utamu gani? Akanieleza kwa subira, kama mwalimu anayemwonea huruma mwanafunzi mzito, kwamba namba ni jina pamoja na ukoo: tarakimu mbili za kwanza hutaja aina ya mashine, na mbili za mwisho humtaja mwenyewe. Zinazoanza na 93 na 94 ni za dizeli zilizotoka Marekani. Ile 5918 iliyohifadhiwa kwenye Makumbusho ya Reli, Nairobi, ni ya aina ya 59, mashine 34 za mvuke zilizoundwa na Beyer, Peacock ya Manchester katika miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Yeye anaitwa Mount Gelai. Nilipoyapitia majedwali yake yaliyochorwa kwa rula, niliona kwamba kidole chake hakikai kwenye namba alizokwisha kuziona, bali huenda moja kwa moja kwenye visanduku vitupu. Kumbe kinachomtoa nyumbani ni pengo. Huko Uingereza vizazi vya watoto vimesimama mwisho wa majukwaa ya stesheni na penseli mkononi kwa sababu hiyo hiyo.

Wajapani, ambao mambo haya hawayafanyii mzaha, wamewapa wapenzi wa treni majina kulingana na kile wanachokitafuta. Anayepiga picha ni toritetsu, anayependa kusafiri tu ni noritetsu, na anayerekodi sauti ni ototetsu. Wapiga picha sina mengi ya kuwasemea, kwa kuwa wao hata wakiwa relini wanalitazama jua zaidi kuliko treni. Lakini kwa muda mrefu nilijihesabu miongoni mwa wasafiri. Treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu iliporudi Desemba 2021, baada ya miaka mingi ya kimya, nilikata tiketi nikiwa na hakika kwamba ninakwenda kuiona miinuko ya Mau. Nilisahau jambo moja dogo: treni hiyo huondoka Nairobi jioni na kuingia Kisumu asubuhi. Njoro, Molo na kile kilele cha Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, vyote nilivipita gizani, nikiwa nimeegemeza paji la uso kwenye kioo kilichonionyesha uso wangu mwenyewe.

Hata hivyo sikulala. Nilisikia jinsi injini ilivyonguruma kwa sauti nzito tulipokuwa tukipanda, na jinsi ngurumo hiyo ilivyokatika ghafla tulipoanza kuteremka, ikabaki milio ya breki kwenye kona. Chini ya yote kulikuwa na ule mdundo wa magurudumu yanaporuka maungio ya reli, ambao humwambia abiria mwendo wa treni bila ya yeye kuuliza. Kwenye reli mpya, ambayo vipande vyake vimechomelewa pamoja, mdundo huo hausikiki, na wengi husifu utulivu wake. Mimi niliposafiri nayo kwenda Mombasa nilihisi kama mtu aliyesimuliwa hadithi akiwa ameziba masikio.

Nilipomwambia mzee haya, alitikisa kichwa akasema kwamba kupenda ni kwetu sisi tusiolipwa. Yeye alikuwa kazini. Kazi yenyewe, katika ujana wake, ilikuwa kutembea kando ya mabehewa na nyundo yenye mpini mrefu, akiligonga gurudumu moja baada ya jingine. Gurudumu zima hulia kama kengele, na lenye ufa hutoa sauti butu, kama chungu kilichopasuka. Alilifanya hilo usiku, kwenye mvua, kwa taa ya mkononi, na alipokosea aliitwa na mkubwa wake asubuhi. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza kwamba mpaka leo treni ikipita usiku hawezi kulala kabla behewa la mwisho halijaisha kupita. Nikamwangalia mpwa wangu, naye akaniangalia. Hatukusema kitu, maana ukubwa ni ukubwa.

Treni ilifika tulipokuwa tumekwisha kukata tamaa na kununua mahindi ya kuchoma. Nilitoa simu nikaanza kurekodi, mpwa wangu akaishika penseli kwa vidole vyenye masizi, na mzee akafumba macho. Mabehewa yalipokuwa yakipita, aliinua kidole mara moja na kusema, "Hilo." Sikuwa nimesikia tofauti yoyote. Alieleza baadaye kwamba breki zikilibana gurudumu likaburutwa bila kuzunguka, chuma hulika mahali pamoja, na tangu siku hiyo gurudumu hilo huipiga reli kila linapofika kwenye bapa lake. "Linachechemea," alisema, "na anayeliendesha huko mbele hana habari."

Jioni hii nimeisikiliza rekodi kwa spika za masikioni. Kwenye dakika ya pili kweli lipo, ta-ta-ta, kavu na la haraka kuliko mdundo wa maungio, na mara baada yake inasikika sauti ya mzee. Mwanzoni kabisa anasikika mpwa wangu akiitaja namba ya kichwa kwa sauti kubwa, akiishia na nane. Kwenye daftari, ambalo ameliacha mezani, ameandika tatu. Nimeipenda sana rekodi hii, lakini kesho ataitaka aisikilize, na kile kisanduku cha namba inayoishia na tatu alikwisha kukipaka rangi.