Times Square niliyoikuta mimi

Nyie mnaoenda Times Square ya New York siku hizi mkapiga selfi chini ya yale mataa na kununua tisheti, ile ninayoijua mimi ni nyingine kabisa. Niliikuta mwishoni mwa miaka ya 80, mwanafunzi sina hela, usiku naosha vyombo kwenye mgahawa mmoja upande wa 8th Avenue, na nikitoka kibaruani lazima nikate Mtaa wa 42, kile kipande kati ya 7th na 8th ambacho wenyewe walikiita The Deuce. Kipande kifupi tu, ila majumba ya sinema yalikuwa yamepangana kulia na kushoto, Lyric, Selwyn, Liberty, Harris, Victory, na New Amsterdam ambayo wakati huo ilishafungwa na mvua inaingilia paani.

Sitaki kudanganya mtu kwamba palikuwa pazuri. Palitisha. Mateja wa crack wamejaa, machangudoa wengine watoto kabisa, na pale stendi kubwa ya mabasi, Port Authority, kulikuwa na wanaume kazi yao ni kuwavizia mabinti wanaoshuka na begi moja hawajui pa kwenda, hilo nililiona kwa macho yangu na mpaka leo likinijia roho inauma. Kila baada ya hatua kadhaa kuna jamaa kaweka boksi anacheza karata tatu, na yule unayemwona anashinda ndo mwenzao, mgeni anaingia kichwa kichwa hela yote inakwenda. Mwaka 1990 New York nzima waliuawa watu zaidi ya 2,200. Kwahiyo mtu akiniambia alikuwa anaogopa kupita pale simbishii hata kidogo.

Lakini mbona hakuna anayesimulia habari za ndani ya zile sinema? Ulikuwa unalipa dola chache unaonyeshwa picha mbili au tatu mfululizo, za kung fu, za kutisha, za mapigano, na ukishaingia hakuna wa kukutoa, unaweza kukaa mpaka usiku wa manane. Nje baridi kali, ndani kuna joto. Kwenye viti utamkuta mzee kalala na koti lake lote, pembeni vijana wa Harlem na Bronx wanabishana na stering kwenye pazia, wanamwambia geuka nyuma yako huyo geuka, ukumbi mzima unapiga kelele, halafu jamaa usiyemjua anakugeukia anakuelezea huyu mwalimu wa Shaolin kwanini anamlipizia kisasi ndugu yake, maana yeye ile picha kaiangalia mpaka kaikariri. Mimi nilikuwa mgeni, Kiingereza changu cha darasani, chumbani nilikuwa siongei na mtu, na pale ndo watu wa kwanza wa ule mji waliniongelesha bila kutaka kujua natokea wapi. Kulikuwa na za picha za ngono pia, nyingi tu, na vile vibanda vya kuchungulia kwa kutumbukiza sarafu, watu wakisikia The Deuce hivyo tu ndo wanavyovikumbuka.

Na yale majumba yenyewe hayakujengwa kwa ajili ya uchafu. New Amsterdam ilifunguliwa 1903, ndo walikokuwa wanachezea Ziegfeld Follies, maonyesho makubwa ya muziki na dansi, enzi zile matajiri wanakuja na suti na vito. Victory ni ya 1900, aliijenga Oscar Hammerstein. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 30 ndo uliangusha mengi yakageuzwa sinema za bei poa. Ukiinua kichwa gizani ulikuwa unaona marembo ya plasta na dhahabu iliyofifia kule juu, juu ya vichwa vya watu wasio na pa kulala, mimi nilikuwa napenda sana kuyaangalia yale.

Sasa kila mtu anasema Giuliani ndo kapasafisha. Yeye kawa meya 1994. Mpango wa kuujenga upya mtaa ulipitishwa 1984 enzi za meya Koch, ukakwama miaka na miaka kwa kesi mahakamani, halafu 1990 jimbo likatumia sheria ya kutwaa ardhi likachukua sehemu kubwa ya mtaa, maduka na sinema zikafungwa moja moja. Yaani kwanza waliwatoa watu ndo baadae wakaja kuupendezesha. 1993 wasanii waliandika maneno yao kwenye mabango ya sinema zilizokufa, unapita unasoma, mtaa mtupu. Sheria ya kuzuia biashara za ngono zisikae ndani ya futi 500 na nyumba za watu, shule au nyumba za ibada ilikuja 1995, na wakati huo kanda za video zilishaanza kuziua zenyewe, mtu anaangalia kwake. Victory ikawa New Victory, ukumbi wa watoto, Disney wakaikarabati New Amsterdam na 1997 wakaanza kuchezea mle The Lion King, ule mchezo wa jukwaani wa Simba, na 1998 jengo zima la ukumbi wa Empire liliinuliwa likasogezwa kwa reli mtaa huohuo.

Kazi nzuri, nakubali, watoto wanaingia mle wanafurahi na ile dhahabu ya dari imerudi. Ila wale watu walienda wapi? Yule mzee wa koti. Tiketi ya Simba ni hela ya mwenye hela.

Kitu kimoja kinachonipa moyo ni ile Times Square Hotel, Mtaa wa 43. Ilikuwa imechoka vibaya, imejaa masikini na wagonjwa wa akili, na mwanzoni mwa miaka ya 90 shirika la Common Ground likaichukua likaikarabati vyumba zaidi ya 600, wakakaa humo watu waliokuwa hawana makazi na wafanyakazi wa kipato cha chini, pamoja na huduma za afya na za kutafutiwa kazi. Katikati kabisa ya eneo la gharama vile. Mimi ningetaka na sinema hata moja ingebakizwa kwa mtindo huo, picha tatu kwa bei ya chini, milango wazi mpaka usiku wa manane, ulinzi wa maana, vyoo visafi.