Nilivyoacha kuhangaika na mausi steshenari

Mteja kasimama dirishani, ana haraka, nami nahangaika na mausi kuitafuta Excel. Kila siku hivyo hivyo. Kumbe dawa iko kwenye kibodi: shikilia kitufe chenye nembo ya Windows, bonyeza namba, inafunguka programu iliyobandikwa kwenye upau wa chini, kwa kuhesabu kutoka kushoto. Nikabandika ninazozitumia, nikaziburuta zikae nilivyotaka: Word 1, Excel 2, Chrome 3. Programu ikiwa tayari iko wazi, namba ileile inakurudisha humo. Ukiongeza Shift unapata dirisha jipya. Ila namba za pembeni kulia kwangu ziligoma, natumia zile za juu ya herufi. Siku ya kwanza nilifungua Chrome badala ya Word mara tatu, mteja akitazama.