Nilivyobadilisha pasipoti: shughuli ilikuwa kiapo cha mama

Watu wakisikia nimepata pasipoti mpya huniuliza nilimjua nani pale ndani. Sikumjua mtu. Foleni yenyewe niliimaliza bila shida. Kilichonitoa jasho ni kiapo cha kuzaliwa cha mama.

Pasi yangu ilikuwa ya zamani, kabla ya hizi za kielektroniki zilizozinduliwa Januari 2018, kwa hiyo nilijaza taarifa zote upya kwenye tovuti ya Uhamiaji. Unapewa kontroo namba, unalipia fomu kwa simu, unaichapa. Fedha iliyobaki unalipa baadaye. Kwa jumla shilingi 150,000. Picha usihangaike nayo, studio yoyote ya mtaani ukiwaambia ni ya pasipoti wanajua rangi ya nyuma inayotakiwa.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ninayo, cheti changu cha kuzaliwa cha RITA ninacho, barua ya mwajiri nayo ilipatikana. Ikabaki cheti cha mzazi. Mama alizaliwa nyumbani kijijini, huko Lushoto, mkononi mwa mkunga wa jadi. Cheti atakitoa wapi? Asiye nacho anaapiwa, na wakili alishauri aape mtu aliyemzidi umri. Nikamfuata mjomba.

“Shikamoo mzee,” wakili alimwambia. “Dada yako alizaliwa lini?”

“Marahaba. Vuli, mwanangu. Baba alikuwa ameshapanda maharage.”

Wakili akaweka kalamu chini. Nikatoa kitambulisho cha mama: 1 Julai 1958. Mjomba akakisogeza karibu na macho, akatikisa kichwa. “Julai hakuna vuli.”

Roho ikaniruka, maana tarehe ya kiapo ikipishana na ya NIDA, dirishani unarudishwa. Na mjomba si mtu wa kuambiwa aape tu yaishe. Wakili (Mungu ambariki, hakuwa na haraka) akaandika kwamba mwapaji anafahamu mama alizaliwa kijijini hapo mwaka 1958, na kwamba tarehe inayotambulika ni ile ya kitambulisho chake. “Mwaka ni huo,” mjomba akasema, “hapo naapa.” Akasaini, mhuri ukagongwa.

Kabla hatujatoka nikaomba kiongezwe kipengele kimoja. Kwenye cheti changu mama ameandikwa Mwanakhamis, kwenye kitambulisho Mwanahamisi. Kikaandikwa kuwa majina yote mawili ni ya mtu mmoja.

Siku ya kukabidhi, afisa alipitia karatasi kidole kikiwa juu ya jina la mama, cheti changu kwanza, kisha kitambulisho, kisha kiapo. Akasoma kile kipengele mara mbili, akanielekeza kwenye alama za vidole. Hakuniuliza swali.

Pasipoti imetoka, ya miaka kumi. Kiapo nimekitolea nakala na kukiskani, kwa sababu mdogo wangu naye anaanza maombi yake na ameshaniomba nauli ya kumfuata mjomba. Nimemtumia faili.